Siku Dawa ya Babu Ilipofunga

Binti yangu kaniletea kisanduku cha plastiki. Kina vyumba saba juu na saba chini, kila chumba na kifuniko chake, ukikifunga kinalia tap. Kanikalisha mkekani kama mtoto wa chekechea: "Mama, nisikilize vizuri. Hiki Jumatatu. Hiki Jumanne. Usichanganye, Mama, presha haichezewi." Anaongea hivyo, puani, tangu aolewe na mtu wa ofisi. Nikamwambia haya mwanangu, haichezewi. Akaanza kumimina vidonge ndani, na ile harufu ikapanda: chaki, uchungu, na kabati la mbao lililofungwa muda mrefu. Nikacheka mpaka chozi likatoka. Akanitazama kama ananipima akili. "Mama, kuna nini?" Nikamwambia kisanduku kama hicho nilikuwa nacho zamani, wewe hujawa hata wazo. Tena changu kilikuwa cha mninga, na aliyekichonga ni mume wangu wa kwanza.

Ninyi rika langu mnajua mume gani nasema. Babu yangu, mzaa baba. Tangu natambaa alikuwa ananiita mke wangu, na mimi nikamwita mume, na akichelewa kurudi kilabuni nilikuwa namsimamia mlangoni mikono kiunoni, sauti ya marehemu bibi hiyo: "Baba Denis, leo umelala kwa nani?" Watu wanavunjika mbavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Babu alikuwa anaigiza kila mtu: padre, katibu kata, mbuzi wa jirani aliyekwama kwenye wigo. Alikuwa akimwigiza katibu kata mwenyewe akiwa amekaa palepale, na katibu kata anacheka kuliko wote.

Halafu kiharusi kikaja. Cha kwanza kilimkuta shambani akiinua matuta, jembe likamdondoka, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama wa mtu mwingine. Cha pili kikamkuta msimu wa baridi, kikachukua ulimi. Hakikuuchukua wote, lakini alipokuwa anaongea ilikuwa kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Fikiria, mtu aliyekuwa na sauti za kijiji kizima amebakiwa na mmh na hho.

Mimi ndiye niliyekuwa namsikia. Sijui nilisikiaje. Nilikuwa naangalia jicho, naangalia vidole vya mkono wa kushoto, halafu sauti yake ya zamani inanijia kooni yenyewe. Wageni wakija, yeye anasema mmh, mimi nasema kwa ile sauti yake nzito: "Karibuni, kaeni, huyu mtoto atawaletea togwa." Nikikosea anatikisa kichwa. Nikipatia anatabasamu upande mmoja, ule ulio hai.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: Babu, Mama na mimi. Baba alishafariki. Mama alikuwa mkwe wa yule mzee, na ninyi mnajua mkwe wa kike kwetu hamshiki baba mkwe mwili, sembuse kumfungua mdomo. Uji alikuwa anaupika, anauweka kizingitini, anarudi nyuma macho chini. Kumlisha, kumfuta mate, kumpa dawa, ilikuwa kazi ya mke wake, yaani mimi. Ndiyo maana shule niliisikia kwa mbali tu, wenzangu wakiimba hesabu ng'ambo ya bonde. Shule yangu ilikuwa Babu.

Dawa alitupa Sista, muuguzi wa misheni, mwanamke mfupi wa kutembea haraka kama anafukuzwa na nyuki. Kwetu hapakuwa na saa, na kama ingekuwepo nani angeisoma? Akafikiri, akaniinamia: "Haya kabibi. Kengele ya Malaika wa Bwana unaijua?" Naijua, Sista. Inalia tatu, inapumua, tatu, inapumua, tatu. "Basi, ya asubuhi unampa kamoja keupe na nusu ya haka ka njano. Ya mchana umwache apumzike. Ya jioni kamoja keupe. Usiruke hata siku moja. Tumeelewana?" Tumeelewana, Sista.

Nikaishika kazi ile kama sala. Vidonge vilikaa kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, juu ya boriti, mbali na kuku. Alfajiri ukungu umelala juu ya ulezi mpaka huoni mlango wa jirani, dunia nzima nyeupe, na kutoka ndani ya ule weupe inakuja ngaa, ngaa, ngaa. Nilikuwa nadhani kengele ndiyo inayotia nguvu kwenye kidonge. Kwamba kidonge kabla ya kengele ni chaki tu, na ikilia, ile sauti inaingia ndani yake kama chumvi kwenye mboga. Nilikuwa nakishika kiganjani, nasubiri, nikihisi kinatetemeka. Nawaapia nilikihisi.

Ikafika Kwaresma. Ulikuwa ule wakati milango ya biashara imefunguliwa, vitu vimeanza kuonekana madukani, sabuni za kunukia zimeingia, na Baba mdogo Denis, mdogo wake marehemu baba, ameacha jembe anafuata bidhaa bandari ya Kasanga kwenye maboti. Lakini kwetu ndani Kwaresma ilikuwa Kwaresma. Kanisani sanamu zote zimefunikwa vitambaa vya zambarau, nikawa nadhani watakatifu wamekasirika. Nyama hakuna. Mama kaacha hata kuimba akitwanga.

Alhamisi Kuu jioni kengele zililia kwa fujo, ndefu, kama zimeshikwa na wazimu. Nikashika kidonge. Hazikuwa tatu tatu. Nikasubiri ile yangu. Jua likazama, ikaja sauti ya vibao vya mti vinavyogongwa badala ya kengele kutoka misheni, kakakaka, halafu kimya. Nikamfuata Mama jikoni.

"Mama, kengele imekuwaje?"

"Imenyamaza," akasema. Alikuwa anachambua maharage, hakuniangalia. "Bwana anateseka. Kila kitu kimefunga mpaka Pasaka."

Kila kitu kimefunga. Nikarudisha kidonge kwenye kikopo, taratibu, kwa heshima. Nikajiona mtoto mwenye akili sana. Watakatifu wamefunga, kengele imefunga, na dawa nayo imefunga.

Ijumaa Kuu asubuhi Babu alikuwa ananing'oa kwa macho. Ananitazama mimi, anatazama boriti, ananyoosha kidole cha kushoto. Mmh. Nikamwambia leo hapana, mume wangu, imefunga. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Mmh! Nikadhani ni ule ukaidi wa wazee, wa kutaka nyama siku ya Ijumaa. Basi nikasimama mbele yake, nikajishika kifuani, nikamtolea mahubiri kwa sauti ya padre, ile ya kuvuta maneno: "Mpendwa mzeee, Bwana alikaa siku arobaini jangwaniii, wewe unashindwa siku mbiliii?"

Babu akacheka. Upande mmoja, bega likitikisika. Alicheka, jamani, mpaka akakishusha kile kidole.

Siku ileile alipita Mama Milembe. Yeye na jamaa zake walikuwa Wasukuma waliofika na ng'ombe misimu miwili nyuma, wakajenga pale mteremko unapoanza. Milembe, binti yake, alikuwa shoga yangu, ndiye aliyenifundisha kukamua. Watu wengine walikuwa wanawapita bila salamu, lakini Mama Milembe aliingia kila nyumba na sauti yake ya kufukuza ndege: "Mwangaluka! Shikamoo mzee! Nimekuletea maziwa, unywe, usinifie mimi nikakosa wa kunicheka!" Kibuyu cha maziwa mgando. Babu akanywa yote. Mama yangu alipokuwa anaondoka kwenda ibada ya Njia ya Msalaba akaniuliza, "Babu umemfanyia kila kitu?" Nikasema nimemfanyia. Sikusema uongo. Kwa hesabu yangu hakuna nilichobakiza.

Jumamosi Kuu mchana ukungu uliondoka mapema. Nilikuwa nimemtoa juani, kavaa koti lake jeusi, nyuki wanazunguka kwenye maua ya maboga. Nakumbuka lile jua kama nililiota. Alikuwa ananiangalia nikimwigiza kuku anayetaka kutaga, halafu akaanza kuegemea, polepole, kama gunia la ulezi lililofunguka mdomo. Hakupiga kelele. Mimi niliendelea kukokoreka kidogo, nikidhani naye anaigiza.

Jumapili kengele zikarudi. Tatu, tatu, tatu. Nikakimbia na kidonge, nina furaha, kimefuturu! Babu alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mguu wa kulia nao umeondoka, jicho moja halifumbi. Sista alikuwa ameshafika. Akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, fyu, fyu, fyu, akaangalia, akaangalia tena.

"Imepanda kama ya mtu asiyemeza dawa kabisa," akasema. "Dawa hazikukosa hata siku moja?"

"Hazikukosa, Sista," Mama akasema. "Huyu mtoto hakosei."

Nilikuwa nimesimama na kidonge kiganjani. Hakikutetemeka. Kilikuwa chaki tu, na mimi ndiye niliyetetemeka. Nikahesabu kwa vidole: Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi, Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi. Vinne. Na kile kidole cha kushoto kikarudi kunyooka kwenye boriti ndani ya kichwa changu.  Mdomo wangu uliokuwa na sauti za watu wote ulikosa ya kwake mwenyewe.

Jumatatu akashuka Baba mdogo Denis kwenye lori la Kasanga, ananuka dagaa na sabuni ya maua, koti la mtumba limefika magotini, redio begani. Alianza kulia mlangoni, kilio cha kweli, alimpenda baba yake. Alipomaliza akakaa chini, akajifuta, akageuka mfanyabiashara.

"Shemeji," akamwambia Mama, "kiharusi kimoja sawa. Viwili, Mungu. Vitatu? Cha tatu hakiji chenyewe. Nani aliingia humu?"

"Hakuna. Watu wa kawaida."

"Kala nini? Kanywa nini?"

Mama akakitazama kibuyu kilichokuwa pembeni. "Maziwa. Ya Mama Milembe."

Basi. Aliinuka kama amekalia siafu. "Ijumaa Kuu? Watu wamefunga, yeye anazunguka na kibuyu? Hawa tuliwapa mteremko, sasa wanatumaliza! Kesho wahame. Na ng'ombe wao, na vibuyu vyao!" Na hakuwa anatisha bure. Kabla jioni haijaingia wanaume saba walikuwa uani kwetu. Mnajua kwetu mtu akishatajwa kwa uchawi, nyumba yake haisimami.

Mama Milembe akaja mwenyewe, wala hakuitwa. Akaingia na Milembe nyuma yake, ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Mara hii hakupaza sauti. Akapiga magoti karibu na kitanda. "Shikamoo mzee," akasema. "Wanasema nimekuua. Waambie."

"Ndiyo!" Baba mdogo akasema. "Tumuulize mwenyewe. Baba, ni nani kakufanyia hivi? Ni huyu?"

Wote wakamtazama Babu. Babu akanitazama mimi. Akasema, "Hho. Mmmh." Mate yakamtoka, nikamfuta.

Halafu wote wakageuka kunitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Kimya kikaja kile cha Alhamisi Kuu. Nikaona naweza kusema lolote. Nikisema ni yeye, hakuna atakayejua, mpaka mwisho wa dunia. Nikisema si yeye, watauliza ni nani. Nikamwona Milembe, kamasi zinamtiririka, ananitazama kama anayesubiri nimtupie mpira. Nikaangalia jicho la Babu, lile zima. Sikuona hasira. Sikujua anasema nini, hiyo ndiyo kweli, kwa mara ya kwanza sikumsikia. Ila ile sauti yake nzito ikaniinukia kooni kama kawaida, nikaiachia.

"Si huyu," nikasema kwa sauti ya Babu. "Ni mke wangu. Kaninyima dawa siku mbili. Kengele ilinyamaza, akasema dawa imefunga."

Baba mdogo akakunja uso. "Mke gani? Mama alishakufa."

Sauti ya Babu ikanikatikia hapo hapo. Ikabaki yangu, nyembamba kama ya kifaranga. "Ni mimi, Baba mdogo. Nilisubiri kengele."

Mama alisimama, akavunja fimbo ya mpera pale pale mlangoni. Alinyanyua mkono. Lakini alipokuja kunivuta nilikuwa sivutiki, kwa sababu mkono wa kushoto wa Babu ulikuwa umeshika pindo la gauni langu. Mama hawezi kumgusa mkwewe kuubandua. Akabaki na fimbo juu. Kidogo kidogo ikashuka. "Ni mimi niliyemwambia kila kitu kimefunga," akasema, akakaa chini, akalia kama mtu anayetwanga, kwa kishindo.

Na Babu akasema mmh, na nikamsikia sasa, wazi kabisa. Ila sikutafsiri. Ilikuwa ya mke na mume.

Wale wanaume saba waliondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ng'ombe ambaye hajamfunga. Mama Milembe akainuka, akajikung'uta magoti, sauti ikamrudia: "Haya! Nani atanirudishia kibuyu changu?" Baba mdogo ndiye aliyekibeba. Alimsindikiza mpaka mteremkoni, na koti lake lile refu likiburuza kwenye umande.

Sista hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu. "Kosa hili nami nina kipande changu," akasema. "Nilifunga dawa kwenye kengele, nikasahau kengele ina likizo yake. Sasa sikia, kabibi. Dawa inafuata uji wa asubuhi na ugali wa jioni. Haifungi, haiendi msibani, haisubiri Pasaka. Na ukisahau kamoja, usimpe tuwili kufidia. Unasikia?" Baba mdogo akatoa mfukoni vidonge vyake, vyekundu na vyeusi, vinang'aa kama wadudu, kanunua kwa mtu anayetembeza dawa kwenye boksi bandarini. "Hivi navyo aongezewe, Sista, vya nguvu." Sista akavipokea, akavitia kwenye mfuko wa gauni lake. "Kuuza ni ruksa siku hizi," akasema. "Kummezesha huyu mzee nisichokijua si ruksa."

Lakini tutakumbukaje kama kimetoka au bado? Mama hasomi, mimi sisomi. Tukawa tunabishana tuhesabu kwa maharage, au kwa mafundo ya kamba. Babu anasema mmh. Tunaendelea kubishana. Mmh! Kidole cha kushoto kinaonyesha ukutani. Palikuwa na bao lake, la mninga, alilolichonga akiwa kijana, lilining'inia pale tangu mkono ufe. Baba mdogo akasema maskini, anataka kucheza. Nikalishusha na kete zake. Babu akachukua kete moja akaitupa shimo la kwanza, nyingine la pili, taratibu, mpaka shimo la saba. Akashuka mstari wa chini, saba tena. Halafu akatutazama wote, mmoja mmoja, kama mwalimu wa wajinga.

Hicho ndicho kilikuwa kisanduku changu. Mstari wa juu wa uji, mstari wa chini wa ugali. Kila Jumapili Sista alipita baada ya misa, tukapanga pamoja, shimo lililobaki tupu maana yake kimeshamezwa. Shimo la nane niliweka harage moja. Nikilifikia, nakwenda misheni kuchukua vingine. Juu tukafunika na ubao wenye jiwe, kwa sababu wiki ya kwanza jogoo alidonoa cha Alhamisi akalala kutwa nzima chini ya kihenge, hawiki wala hapandi, Mama Milembe akasema huyo sasa anafaa kuwa padre.

Babu aliishi mavuno matatu mengine. Hakutembea tena, ila cha nne hakikumpata. Alikwenda usingizini, na shimo la jioni ile lilikuwa tupu. Nililiangalia mwenyewe.

Ila ninachokumbuka zaidi ni Alhamisi Kuu ya mwaka uliofuata. Ukungu, ulezi umelowa, zile kengele za wazimu, halafu vibao, halafu kimya. Ugali ulikuwa tayari. Nikafunua bao, nikachukua cheupe cha mstari wa chini, nikakaa kitandani. Babu hakufungua mdomo. Alikuwa ananitazama na lile jicho, kidole kimeinuliwa, anasikiliza kitu nje. Nami nikasikiliza. Hakuna kitu, upepo tu. Nikasema kula dawa, mume wangu. Kidole kimebaki juu. Ndipo nikaelewa ananitania.

Basi nikavuta pumzi, nikakiweka kidonge kiganjani, nikalia kwa mdomo wangu mwenyewe: ngaa, ngaa, ngaa. Nikapumua. Ngaa, ngaa, ngaa. Nikapumua. Mara ya tatu nikaiachia ndefu mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko, anaangalia upande wa misheni, ameduwaa. Na Babu akafungua ule upande wa mdomo uliokuwa hai.